Lami Isimwagwe Juu ya Kona za Zamani

Barabara inapokamilika wananchi hushangilia lami. Hiyo ni haki yao, maana mtu aliyekula vumbi la kiangazi na kukwama katika tope la masika kwa miaka mingi hawezi kulaumiwa akifurahia barabara nyeusi inayong'aa. Lakini lami ni nguo tu ya barabara. Mwili wake ni ule mstari uliochorwa na wahandisi na kupigiwa vigingi na wapima kabla ya katapila la kwanza kuwashwa. Mstari huo ukiwa mbaya, lami haiutengenezi. Huuzidishia hatari, kwa sababu huongeza mwendo wa magari bila ya kuongeza nafasi ya kugeuka.

Tunasema haya tukiwa na Wilaya za Tarime na Serengeti mbele ya macho yetu. Barabara inayotoka Tarime kwenda Mugumu kupitia Mogabiri, Nyamwaga na Nyamongo, yenye urefu wa kilomita 87 hivi, inapita katika nchi ya milima na mabonde, kisha inauvuka Mto Mara na kuingia Serengeti. Uso wa Ziwa Viktoria uko kwenye kimo cha mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na nyanda za juu za Tarime ziko mamia ya mita juu ya hapo. Nchi ya namna hiyo haikubali barabara inyooke kama uzi. Lazima ipinde kulia na kushoto, na lazima ipande na kushuka. Kwa hiyo suala la kona na vilele katika wilaya hizi ni suala la uhai wa watu.

Ndugu zetu wa visiwani, wa Ukerewe, Ukara, Irugwa na Rukuba, wanaweza kuuliza kona za Tarime zinawahusu nini. Jibu ni kwamba dagaa hawaliwi mwaloni peke yake. Wakishaanikwa na kutiwa katika magunia hupanda malori kwenda kwenye masoko ya bara, na malori hayo hayo hurudi na mahindi na ndizi za mlimani. Gunia lililopangwa juu ya gunia hadi lori likawa refu kama nyumba ndilo la kwanza kulala ubavu katika kona mbaya, na juu ya gunia hilo mara nyingi amekaa mtu. Mvuvi aendaye bara amezoea kusoma upepo. Kona haina upepo wa kusomwa, kwa hiyo ni wajibu wa Serikali kumsomea mapema.

Hebu tueleze asili ya tatizo. Barabara zetu nyingi hazikuanza kwa ramani. Zilianza kama njia za ng'ombe na za watu waendao kisimani na mnadani, zikazunguka kila mwamba na kila mji wa mtu. Baadaye likaja greda, likapanua kile ilichokikuta. Kwenye changarawe hapakuwa na madhara makubwa, maana mashimo na vumbi vilimlazimisha dereva kwenda kilomita 40 kwa saa hata kama hakutaka. Siku lami inapowekwa, dereva yule yule anakwenda kilomita 80, na hiyo ndiyo kiasi ambacho sheria yetu inawaruhusu mabasi na malori makubwa nje ya makazi. Mwendo umezidi mara mbili. Je, kona nayo inatakiwa kupanuka mara mbili?

La. Inatakiwa kupanuka mara nne. Gari likiwa katika kona husukumwa nje kwa nguvu inayokua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Vitu viwili tu hulizuia lisitoke: mshiko wa matairi, na ule mwinamo wa barabara ambao upande wa nje wa kona huinuliwa kuliko wa ndani. Tuchukue mwinamo wa sentimita 6 kwa kila mita moja ya upana, na mshiko wa asilimia 14 ya uzito wa gari. Kwa kilomita 40 kwa saa, kona inahitaji nusu kipenyo cha mita 63. Kwa kilomita 80, kwa mwinamo ule ule na mshiko ule ule, inahitaji mita 252. Hesabu hii haijali cheo wala haraka, na haibadilishwi na hotuba ya uzinduzi.

Sasa tuitazame kona hiyo juu ya ardhi. Tuseme vipande viwili vya barabara iliyonyooka vinakutana, na barabara inatakiwa kugeuka kwa digrii 40. Kona ya zamani, ya mita 63, huanza kupinda mita 23 kabla ya ncha ambapo mistari ile miwili ingekutana, na katikati yake hupita mita 4 tu kutoka kwenye ncha hiyo. Kona inayofaa lami, tuseme ya mita 250, huanza kupinda mita 91 kabla ya ncha, ina urefu wa mita 175 hivi, na katikati yake hupita mita 16 kutoka kwenye ncha. Tofauti kati ya kona inayoua na kona inayopitisha ni mita 12.

Tunaomba wakuu wetu waitafakari namba hiyo. Mita 12 ni mwandamo mwembamba wa ardhi upande wa ndani wa kona. Ni mistari michache ya migomba, ukingo wa shamba la mahindi, pengine zizi au jiko la mama mmoja. Mradi unapokuwa na haraka, au fedha za fidia zinapokuwa hazijatoka, ni rahisi mno kusema, "Pale tuiache barabara ilipo." Maneno hayo machache huokoa fidia ya mwandamo mmoja wa shamba, kisha hudai malipo kila mwaka hospitalini na makaburini. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, alikiita kitabu cha hotuba yake ya mwaka 1969 juu ya Mpango wa Pili wa Maendeleo "Kupanga ni Kuchagua". Katika kona tunachagua kati ya migomba ya leo, ambayo ina bei na inaweza kulipwa, na watu wa kesho ambao hawana bei.

Hayo ni ya kona za kulia na kushoto. Barabara ina kona nyingine ambazo wananchi wengi hawaziiti kona, nazo ni vilele na mabonde. Barabara ikipanda kwa asilimia 6 kisha ikashuka kwa asilimia 5, haiwezi kuvunjika ghafla kama kigongo cha paa la nyumba. Huwekewa tao la wima, nalo hufuata umbo la njia ya jiwe lililorushwa hewani. Urefu wa tao hilo haupangwi kwa ajili ya uzuri. Hupangwa kwa swali moja: je, dereva anaweza kuona mbele umbali unaomtosha kusimama?

Dereva wa gari dogo, ambaye jicho lake liko kimo cha mita moja na kidogo, akienda kilomita 80 kwa saa huhitaji mita 140 hivi tangu kuona hatari hadi kusimama katika barabara tambarare yenye maji. Sehemu ya kwanza ya umbali huo, karibu mita 56, huisha kabla mguu haujaikanyaga breki vizuri, kwa kuwa akili ya binadamu nayo huhitaji muda. Kwa kilomita 40 kwa saa umbali wote hauzidi mita 50 hivi. Sasa fikirini lile jiwe ambalo dereva aliyeharibikiwa huliweka nyuma ya tairi, kisha akaondoka na kuliacha barabarani, likiwa na kimo cha sentimita 20. Ili lionekane kwa wakati katika kilele tulichokitaja, kwa mwendo wa 40 tao la mita 63 linatosha, na wapasua mlima hushuka chini ya mita moja kutoka kwenye ncha ya kilele. Kwa mwendo wa 80 tao hilo linahitaji karibu mita 500, na ncha ya kilele hushushwa karibu mita 7. Hapo ndipo gharama ilipo, na hapo ndipo kishawishi cha kuruka hesabu kilipo.

Ubaya unazidi pale makosa mawili yanapooana. Kilele kikali kikifuatwa papo hapo na kona kali, dereva mgeni hufika juu akiamini kuwa barabara inaendelea mbele, kumbe imekwisha kugeuka. Kwa sababu hiyo wahandisi hufundishwa kuianza kona kabla ya kilele, ili jicho lione mgeuko kabla gari halijafika. Hufundishwa pia kwamba kona haianzi ghafla. Kati ya mnyooko na tao huwekwa kipande kinachoongeza mpindo kidogo kidogo, na hapo hapo ule mwinamo wa ubavu huinuliwa taratibu. Nao hukatazwa kumpa dereva mnyooko mrefu wa kilomita kadhaa kisha wakampiga na kona moja kali mwishoni, maana mwendo ni mazoea, na mazoea hayavunjwi na kibao kimoja chenye alama ya mshale, hasa katika nchi ambayo vibao huibwa na kufanywa masufuria.

Upande wa Serengeti jambo lina sura nyingine, na ni haki kulitaja. Si kila barabara inastahili mwendo wa kilomita 80. Serikali ilipokuwa na mpango wa barabara ya kukatiza kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti, ambayo tangu mwaka 1981 imo katika Urithi wa Dunia, mwaka 2011 iliiarifu UNESCO kuwa kipande cha kilomita 53 ndani ya hifadhi hakitawekwa lami. Tarehe 20 Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha iliamua kuwa mpango wa kujenga barabara ya lami mahali hapo unakiuka Mkataba wa Jumuiya. Wako waliofurahi na wako walionuna. Sisi tunachukua funzo moja tu: mwendo ni uamuzi unaofanywa kwanza, na kona hufuata uamuzi huo. Panapopita nyumbu kwa maelfu, au watoto waendao shule, barabara na ichorwe tangu mwanzo kwa mwendo mdogo, dereva auhisi mwendo huo katika usukani wake. Panapopita malori ya biashara nje ya makazi, na ichorwe kwa mwendo wa malori hayo. Kilicho haramu ni kuchora kwa 40 na kuruhusu 80.

Baada ya uchoraji huja kazi ya kupiga vigingi, na hapa wananchi wenyewe wana dhamana. Elimu ya kupima kwa pembe si ngeni kwa watu wetu. Karibu miaka elfu moja iliyopita mwanachuoni al-Biruni aliukadiria ukubwa wa dunia kwa kupima kimo cha mlima na pembe ya upeo wa macho. Mpima wa barabara hutumia elimu hiyo hiyo. Husimama mwanzo wa kona na chombo chake, na kwa kona yetu ya mita 250 hugeuza digrii 2 na dakika 17 na nusu kwa kila hatua ya mita 20, akipiga kigingi kila hatua. Akifika mwisho, jumla ya migeuko yake lazima iwe digrii 20 kamili, yaani nusu ya mgeuko wote. Isipokuwa hivyo, amekosea na arudie. Siku hizi vyombo vinavyopokea mawimbi ya setilaiti hufanya kazi hiyo kwa haraka zaidi, lakini kigingi bado ni kigingi, na kinapigwa ardhini mbele ya macho ya kijiji.

Kigingi hicho hung'olewa na mchunga ng'ombe anayetaka fimbo, au husogezwa usiku na mtu anayetaka shamba lake lipone. Wengi hudhani kuwa hilo ni jambo dogo. Katika kona tuliyoieleza, kigingi kimoja kikisogezwa nje mita moja tu, na mwendesha greda akakifuata, pale mahali kona ya mita 250 inageuka kuwa kona ya mita 111. Aliyekisogeza hakuokoa shamba. Ametega mtego ambao hajui utamnasa mtoto wa nani.

Hata hivyo hatuko tayari kuwatupia wananchi lawama yote. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009 ziliipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati, badala ya mita 22 na nusu za zamani. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 nazo zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya mapema. Mwananchi aliyewekewa alama ya X katika ukuta wa nyumba yake, akakatazwa kuongeza chumba wala kupanda mti wa kudumu, kisha akakaa mwaka baada ya mwaka bila ya kulipwa, atakiona kila kigingi kuwa ni adui. Fidia inayochelewa hupinda barabara kuliko mlima. Ofisa anayeichelewesha anashiriki katika kuchora kona mbaya, hata kama hajawahi kushika kalamu ya mhandisi.

Tunajua jibu litakalotolewa: fedha hazitoshi, na ni afadhali kilomita nyingi za lami zenye kona chache mbaya kuliko kilomita chache zenye kona nzuri. Hoja hiyo ina uzito, na mtu wa Nyamongo anayesubiri gari la wagonjwa usiku wa mvua hawezi kuidharau. Lakini tabaka la lami likichakaa huwekwa jingine, na daraja jembamba linaweza kupanuliwa. Mstari wa barabara haubadiliki kirahisi, maana mara lami inapowekwa, maduka, nyumba, misikiti na makanisa huota kando yake, na ile mita 12 iliyokuwa migomba inakuwa mtaa wa maduka. Kosa la kona hurithiwa na wajukuu. Kama fedha ni chache, na zipunguze kilomita za mwaka huu. Kona isiguswe.

Wenzetu wa visiwani wanalifahamu funzo hili kwa machozi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Kivuko kile kilikuwa na kipimo chake cha kuchukua watu 101. Namba ilikuwepo, ila haikuheshimiwa. Nusu kipenyo cha kona ni namba ya jamaa ile ile: imeandikwa kabla ya safari, haipigi kelele, na huheshimiwa au huvunjwa na watu ambao pengine hawatakuwemo katika gari.

Basi tunatoa mapendekezo manne. Kwanza, kabla ya barabara yoyote ya changarawe kuwekwa lami katika Tarime na Serengeti, iwe ya Wakala wa Barabara au ya wakala wa barabara za vijijini na mijini, kila kona na kila kilele kipimwe upya kwa mwendo utakaoruhusiwa juu ya lami hiyo. Pili, orodha ya kona zisizofikia kipimo isomwe hadharani katika vikao vya halmashauri na mikutano ya vijiji, pamoja na sababu za kuziacha kama zimeachwa, na jina la cheo kilichoidhinisha. Tatu, fidia ya ardhi ya kona itangulie kigingi, na si kinyume chake. Nne, serikali za vijiji na viongozi wa Chama katika mashina wapewe vigingi kwa kuhesabiwa, wavilinde na waviripoti vinapopotea, kama wanavyolinda mabomba ya maji.

Pale ambapo mlima umekataa kabisa na kona kali haina budi kubaki, mwendo ushushwe kwa vitendo: vibao vya zege visivyoweza kufanywa masufuria, kingo imara upande wa korongo, matuta ya tahadhari yanayomwamsha dereva mapema, na vichaka vya upande wa ndani wa kona vifyekwe kila baada ya mvua ili jicho lipite. Kazi hiyo ya mwisho haihitaji mkandarasi wala mkopo. Inahitaji panga na mtendaji wa kijiji anayejua kuwa kichaka kilichoziba kona ni sawa na mtu aliyefungwa kitambaa machoni akaambiwa akimbie.

Wananchi wa Mara wamengoja lami kwa muda mrefu, na wanaistahili. Wapewe pamoja na hesabu yake yote.